Beberu Katika Gari la Bibi Harusi

Nyinyi mnaoosha magari hapa Makindu kando ya barabara ya Mombasa, najua mnavyoniita. Mkinipita asubuhi mnasema, "Habari mzee," kwa heshima zote, halafu mkifika mbele kidogo mnaambiana kwamba huyo ndiye aliyekuwa akisafisha ndani ya magari kabla ya Muthiani. Kabla ya Muthiani! Magoti yangu ndiyo yaliyostaafu, vijana wangu. Masikio bado yako kazini.

Nawaandikia kwa sababu mmeniomba mara nyingi niwaonyeshe kazi, na mimi siwezi tena kuinama. Pia naandika kwa sababu nina wivu, na sitazunguka mbuyu. Muthiani namwonea wivu tangu tulipokuwa vijana wawili wa ndoo moja, na mkinisikia nikisema nampenda kama ndugu, jueni nimeanza kuzeeka vibaya. Lakini mtu mwenye wivu huangalia kwa makini kuliko rafiki. Kwa hiyo nitakalosema kuhusu kazi yake mnaweza kuliamini.

Tulifunzwa na mtu mmoja, Mama Kalunde, aliyekuwa akishona viti vya magari nyuma ya soko. Kabla ya kumjua, sisi tulijua maji, sabuni ya unga na nguvu. Gari likitoka Kitui na vumbi jekundu tulilimwagia maji mpaka redio inalia. Siku moja akasimama akatutazama, mikono kiunoni.

"Nyinyi, nguo ya kanisa mnaifua na jembe?" akauliza. "Kiti ni nguo. Nani hufua nguo bila kuikung'uta?"

Hilo ndilo la kwanza mlishike. Vumbi la kwetu ni laini kama unga, na likikutana na maji linakuwa tope, tope linaingia ndani ya sponji ya kiti, na hapo hata ukisugua mpaka jioni unalisukuma ndani zaidi. Toa kila kitu kikiwa kikavu kwanza. Anza juu uteremke: dari, nguzo, dashibodi, viti, kapeti mwisho. Kwenye matundu ya hewa tumia brashi ndogo ya kupakia rangi, na kile chuma chake ukizungushie tepu kisije kikakwaruza plastiki. Mkono mmoja unapiga brashi, mkono wa pili unashikilia mpira wa mashine ya kuvuta vumbi papo hapo, vumbi lisipate nafasi ya kutua tena. Kisha sukuma kiti mbele mpaka mwisho, halafu nyuma mpaka mwisho, na uangalie kwenye reli zake. Mimi nimetoa humo maganda ya machungwa ya Mbooni, pini za nywele, mahindi ya kuchoma, na mara moja meno ya bandia ambayo mwenye gari aliyakana mbele ya mkewe. Mkewe aliyaangalia yale meno kwa muda mrefu sana.

Kuhusu mimi na maziwa mmeshasikia, kwa sababu Muthiani huwasimulia kila akipata nafasi. Sikatai. Mteja alikuwa amemwagikiwa na mtungi wa maziwa kwenye kiti cha nyuma, nami nikachemsha maji nikidhani joto ndilo linaloua harufu. Mama Kalunde alikuja akanusa, akasema mbele ya Muthiani, "Umeyapika." Basi. Neno moja, na mpaka leo kuna watu wazima wenye wajukuu wanaoniita Mpishi. Maziwa, damu na yai vinatoka kwa maji baridi. Ukivipiga na ya moto vinashikana na kitambaa. Asali ndiyo inataka maji ya vuguvugu. Ubani wa kutafuna unawekewa barafu mpaka ukakamae, halafu unaubandua.

Lakini Muthiani hawasimulii habari ya dari. Ngoja niwasimulie mimi, kwa furaha. Alipewa gari la mchungaji, akalowesha kitambaa cha dari kwa sponji iliyojaa maji. Gundi ikaachia. Jumapili mchungaji aliendesha gari kwenda ibadani dari likiwa limemkalia kichwani, analisukuma kwa mkono mmoja ili aone barabara. Nilicheka juma zima. Dari, vijana wangu, halimwagiwi kitu. Unanyunyizia kitambaa chako, si dari, na unapangusa kwa wepesi kuelekea upande mmoja.

Mnadhani aliaibika? Mama Kalunde alimwita kibandani alirekebishe lile dari kwa mikono yake mwenyewe, na katika kulirekebisha akajifunza kufungua viti, kukata, kupaka gundi, kushona. Mimi nilikosea nikapewa jina, yeye alikosea akapewa ufundi. Nilikuwa nikipita pale kibandani nikimwona ameinamia cherehani ya yule mama, wanaongea polepole, na moyo wangu ulikuwa unachacha. Niliwahi hata kutamani kuharibu dari.

Baadaye alienda Mombasa, akakaa huko miaka, akarudi na mashine. Moja ya mvuke, na moja inayonyunyiza maji ya sabuni na kuyafyonza hapo hapo yakiwa machafu. Ile ya kufyonza ni mashine nzuri, nami nimejizuia kuisema hivyo kwa muda mrefu. Siri yake ni kunyunyiza kidogo na kufyonza mara nyingi, polepole, mpaka maji yanayopanda kwenye mpira yawe meupe. Nyinyi mnafanya kinyume, ndiyo maana magari yenu yananuka kama tandiko lililolowa jana. Wateja wangu wakaanza kuhamia kwake, mmoja mmoja, kila mmoja akinisalimu kwa uchangamfu mwingi anapopita. Watu husema nilistaafu. Ukweli ni kwamba wateja walistaafu kwanza, magoti yakafuata.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu.

Binti yangu Mwikali, anayefundisha mjini Wote, alichumbiwa na kijana wa Kwa Vonza. Mnajua desturi yetu: hata ukifunga harusi ya kanisa na keki ya ghorofa, kama mbuzi wa ntheo hawajafika kwa baba wa msichana, wazee watakwambia hujaoa, umeazima. Mbuzi wakapangwa kuletwa Jumamosi moja, na kanisa Jumamosi ya kufuata. Wakwe walipakia mbuzi kwenye pikapu, wakashuka na ile barabara ya Mutomo, na walipofika Kibwezi pikapu ikakata roho.

Mbuzi wa ntheo hawalali njiani. Mdogo wangu Kioko, ambaye ana kiherehere cha watu watatu, akasema yeye ataenda kuwachukua. Akaenda na gari lake, lile refu jeusi la viti vingi. Na gari hilo ndilo tulilokuwa tumekubaliana limbebe bibi harusi.

Walipofika getini wanawake walipiga vigelegele, mimi nikafungua mlango wa nyuma kupokea mbuzi. Majike wawili na beberu mmoja mzima, mwenye ndevu, walikuwa wameketi juu ya viti wakinitazama, na kila mmoja amefungwa mkanda wa gari.

"Kioko, hii ni nini?"

"Sasa ningefanya aje? Huyo mkubwa alikuwa anataka kukuja mbele kuendesha. Nikawafunga mshipi. Polisi wakinisimamisha, kila mtu amefunga!"

Kwa nyinyi mliokulia mjini: beberu akiwa na hamu ya majike hujikojolea mwenyewe, kifuani na kwenye ndevu, na anaona hayo ndiyo manukato. Kifua kile ndicho kilichokuwa kimefungwa mkanda. Mimi ndiye niliyewafungua mmoja mmoja, na nilinawa mara nyingi kabla ya kula.

Kesho yake, mke wa Kioko akielekea kanisani na gari lilo hilo, akaona kupe anatembea kwenye kitambaa chake cha kichwa. Kioko hakungoja ushauri. Alichukua pampu anayonyunyizia mifugo yake, akapiga dawa ya kupe ndani ya gari, viti, kapeti, dari, kila mahali, akafunga vioo na kuliacha kwenye jua la Makindu. Kupe walikufa. Jioni Mwikali alifungua mlango akarudi nyuma macho yanatiririka.

Niliposikia, Jumatatu mchana, niambieni nilifanya nini. Nilienda stoo nikatoa brashi zangu. Nikazipangusa. Nilijua hii ni kazi ngumu, beberu na dawa ya kupe pamoja, lakini nani mwingine angesafisha gari litakalombeba binti yangu kwenda kanisani? Nikamwambia Kioko alilete uani.

"Gari? Si Mwikali alipeleka kwa Muthiani asubuhi?"

Sitawaficha, niliketi juu ya ndoo. Wateja kuondoka nilikuwa nimezoea. Huyu alikuwa damu yangu. Nimemlea kwa brashi zile zile, nimemsomesha nazo mpaka akawa mwalimu, na siku gari likihitajika amelivusha mbele ya geti langu kwenda kwa mwanamume yule. Hasira yangu ilikuwa na ladha kabisa, naikumbuka mdomoni.

Siku ya pili nikachukua boda boda mpaka kibanda cha chai kinachotazamana na kwa Muthiani. Nilijiambia nimeenda kunywa chai, ingawa chai ninayo nyumbani. Nilienda kumwona akikosea.

Basi nikaangalia. Alifungua milango yote na kuiacha hewa ipite kwanza. Akavaa glavu na kitambaa cha pua, kwa sababu dawa ya kupe inaingia mwilini kupitia ngozi. Nikasema moyoni, sasa atakimbilia kutoa viti bila kugusa betri, kwa maana zile nyaya za manjano chini ya kiti ni za mifuko ya hewa inayofumka gari likigonga, na ukizichezea umeme ukiwapo inaweza kukulipukia. Alitoa waya wa betri, akaenda kupiga gumzo mpaka umeme uliobaki uishe, akarudi baadaye ndipo akashika spana. Nikasema, atawasha mvuke, na mvuke utapandisha sumu yote usoni mwake. Hakuwasha. Alipangusa plastiki kwa kitambaa cha sabuni, akabadilisha kitambaa, akapangusa tena, na tena. Kapeti akalitoa lote nje. Lile blanketi nene lililo chini ya kapeti nikajua atajaribu kuliokoa, maana wengi hulionea huruma. Alilinusa pembeni, akalitupa. Mkojo wa beberu ukiingia kwenye blanketi hilo hautoki hata kwa maombi. Sakafu akaiosha kwa sabuni, akapitisha maji yenye siki, akakausha kwa upepo wa kompresa mpaka kwenye mikunjo ya chuma.

Chai yangu ilipoa. Kila alipofanya sawasawa nilichomwa moyo upya.

Halafu nikaona. Alikuwa anaanza kurudisha viti vya nyuma, na mikanda ilikuwa imejikunja ndani ya nguzo zake, inaonekana vipande vifupi tu. Hakuivuta. Angejuaje? Kioko hakuwa amemwambia mtu, na harufu ya dawa ilikuwa bado imefunika nyingine zote. Ni mimi niliyewafungua wale mbuzi. Katika Makindu yote, mtu wa kazi hii aliyejua beberu alifungwa wapi alikuwa mmoja, naye alikuwa kwenye kibanda cha chai.

Nikaona Jumamosi ilivyokuwa inakuja. Joto la saa tano, vioo vimefungwa, mkanda unavutwa nje. Nikasikia watu wakisema, Muthiani naye ameshindwa. Siwadanganyi, maneno hayo yalikuwa matamu, nami niliyasikiliza kwa muda nikiwa nimeshika kikombe. Kisha nikaona mkanda ule unapita juu ya gauni jeupe, na aliyevaa gauni ni nani.

Nikavuka barabara. Nilivuka nikiwa nimekasirika, mtu asije akawaambia nilivuka kwa upendo.

"Muthiani, umevuta mikanda?"

"Iko sawa, Baba Mwikali. Nimepangusa."

"Umepangusa inayoonekana. Vuta yote. Mbuzi walikuwa wamefungwa."

"Wamefungwa na nini?"

"Na hiyo mikanda."

Alinitazama kama mtu anayetafuta nimelewa kiasi gani. "Mbuzi walifunga seat belt? Hata mimi huwa nasahau kufunga!" Akacheka, akashika mkanda mmoja akauvuta mpaka mwisho. Harufu ikatoka ndani ya nguzo. Akaruka nyuma akimwita mama yake. "Ai mwaitu!"

Mkanda unasafishwa hivi. Unauvuta wote, unaubana pale juu kwa kibanio cha nguo usijirudie ndani. Sabuni nyepesi, brashi inayofuata urefu wa nyuzi, halafu kitambaa cha maji safi mara kadhaa. Usitie dawa ya kung'arisha nguo kamwe, inaula uzi, na mkanda ukikatika siku ya ajali umeua mtu kwa usafi. Halafu uuache umevutwa hivyo hivyo mpaka ukauke kabisa, la sivyo utavunda ndani ya nguzo. Nilikuwa nimeshachukua brashi, nimeshaanza kushuka chini goti moja moja, Muthiani akanishika mkono.

"Hapana. Mwikali alinikataza."

"Alikukataza nini?"

"Alisema lazima utakuja. Alisema ukikuja nikupatie kiti, na usishike kitu."

"Kwa nini?"

"Mimi ni wa kuosha tu. Muulize yeye."

Akaniletea kiti cha plastiki. Akaniweka kivulini kama mgonjwa, akafanya ile kazi mbele yangu, na alipomaliza akasema, "Asante sana, hapo umeniokoa." Hata shukrani zake zilinikera. Ningependa angalau angekuwa mtu mbaya.

Sikumuuliza Mwikali. Nilinuna. Nilinuna Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, na nyumba imejaa wageni. Ajabu ni kwamba kila mtu alidhani nahuzunika kwa sababu binti anaondoka. Wazee walinipiga piga mgongo, akina mama wa kanisa wakaniombea, mke wangu akaniongezea nyama. Nilikula ile nyama nikimfikiria Muthiani.

Jumamosi gari likaja uani limepambwa utepe. Kabla ya watu kutoka nikaingiza kichwa dirishani nikavuta pumzi ndefu. Hakukuwa na beberu, hakukuwa na dawa, wala yale marashi mnayonyunyiza nyinyi kuficha uvivu. Gari lililosafishwa vizuri halinuki kitu. Nilitafuta kosa mpaka shingo ikauma, nikatoa kichwa, nikaanza kuelekea kwenye basi la kanisa lililokuwa likichukua wazee.

"Baba, unaenda wapi?" Mwikali alikuwa ameshaingia garini, gauni limejaa kiti kizima.

"Kwa basi, na wenzangu."

"Kuja hapa."

"Nitakukunjia nguo."

"Baba, ingia."

Akalivuta gauni akanipa nafasi. Nikaingia. Kioko akaondoa gari kwa ule mwendo wake wa kujionyesha, na mkono wangu, wenyewe tu, ukateremka kupapasa reli ya kiti. Mwikali akaushika.

"Ulikasirika nikipeleka kwa Muthiani."

"Nani amesema?"

"Baba. Hata kuku walijua. Lakini amefanya kazi safi, hata wewe sema ukweli."

Maneno ya mikanda yalinijaa mdomoni. Nilitaka kumwambia huo mkanda aliojifunga ungekuwa unanuka nini bila mimi. Niliyameza, na yalishuka yakikwaruza.

"Amefanya," nikasema.

"Nikiwa mtoto nilikuwa nakuletea chakula," akasema, "na kila siku nilikuwa naona miguu tu. Miguu imetokea kwa mlango ya gari, na wewe uko ndani umeinama. Ukimaliza, mwenyewe anakuja, anaingia, anaenda. Sijawahi kukuona umekalia kiti chenye umeosha. Hata moja. Nikasema gari ya harusi yangu hutaiosha, kwa sababu ukiiosha utatoka nje uende kwa basi. Si ndio ulikuwa unaenda?"

Nilitazama dirishani. Nje watu walikuwa wanapunga mikono, na ilinichukua muda kuelewa kwamba wengine walikuwa wananipungia mimi. Tulipopita kwa Muthiani alikuwa amesimama mlangoni pake amevaa suti, anaangalia gari linavyong'aa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeridhika na kazi yake. Uso huo naujua, nimewahi kuwa nao. Nilimwonea wivu hapo hapo, kwa moyo wangu wote, kuliko siku zote za ujana wetu.

Mwikali hakuuachia mkono wangu. Nilifika kanisani nikiwa na wivu bado, lakini nilifika nimeketi.